Ushirika wa Jamii ya Shule Mwanzoni mwa Muhula: Mafunzo Kutokana na Mafuriko ya 2024

Utangulizi

Tarehe ya kufunguliwa kwa shule za Kenya huandikwa Nairobi. Wizara ya Elimu hutoa kalenda inayoonyesha siku ambayo kila muhula utaanza, siku za mapumziko mafupi na siku ya kufunga. Hata hivyo, kalenda haizibui kisima kilichojaa matope, haitengenezi daraja lililosombwa na maji, wala haimtafutii sare mtoto ambaye nyumba yao imebomoka. Kati ya tarehe iliyotangazwa na asubuhi ambayo kengele hulia na watoto wakaingia darasani, kuna kazi kubwa ambayo aghalabu haitajwi katika waraka wowote. Kazi hiyo hufanywa na jamii ya shule.

Makala haya yanaeleza jinsi jamii ya shule nchini Kenya inavyoshikana mikono muhula unapoanza katika hali ya dhiki. Mfano mkuu ni mafuriko ya Aprili na Mei 2024, yaliyosababisha kuahirishwa mara mbili kwa muhula wa pili. Hoja inayojengwa ni kwamba ushirika wa namna hii hauzuki wenyewe kwa kuwa watu wana moyo mwema. Una taratibu zake, na taratibu hizo zisipolindwa, ushirika uo huo waweza kugeuka ukawa kizuizi cha kumfungia nje mtoto wa maskini.

Istilahi jamii ya shule inatumiwa hapa kwa maana pana. Inawajumuisha wanafunzi, walimu, wapishi na mabawabu, wazazi na walezi, wanachama wa bodi ya usimamizi, wafadhili wa shule (ambao mara nyingi ni madhehebu ya dini), pamoja na majirani: mwenye duka anayeikopesha shule unga, fundi wa madawati, mzee wa kijiji na chifu.

Msamiati wa Ushirika

Lugha ya Kiswahili ina hazina kubwa ya maneno yanayohusu kazi ya pamoja, na kila neno lina mkazo wake. Ujima ni utaratibu wa kusaidiana kwa zamu. Leo wanakijiji hulima shamba la mmoja wao, kesho huhamia kwa mwingine, na anayekosa zamu ya mwenziwe hana uso wa kuomba yake ikifika. Msaragambo, neno linalojulikana sana Upare nchini Tanzania, ni kazi ya kijiji kizima kwa manufaa ya wote, kama vile kuchimba mfereji au kutengeneza njia. Wazo la mwito wa jumla limehifadhiwa pia katika methali isemayo kuwa mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo.

Jamii nyingine za Kenya zina majina yake. Wakikuyu husema ngwatio, Wakamba mwethya, Wajaluo saga na Waabagusii risaga. Majina ni tofauti lakini nguzo zinakaribiana: kuna mwito unaojulikana na wote, kuna mgao wa kazi kwa kadiri ya uwezo wa mtu, na kuna kurudishiana. Mzee asiyeweza kushika jembe hakuachwa nje. Alikaa chini ya mti akawaelekeza vijana, na kukaa kwake kulihesabiwa kuwa kazi.

Harambee ni neno la aina nyingine. Aghalabu husimuliwa kwamba lilikuwa mwito wa wachukuzi na wavuta kamba wa pwani, ambao walihitaji kutumia nguvu zao kwa wakati mmoja ili mzigo mzito usogee. Jomo Kenyatta alilifanya neno hili kuwa wito wa taifa mwaka wa 1963, na hadi leo limeandikwa katika nembo ya taifa la Kenya. Kadiri miaka ilivyosonga, maana yake ilibadilika. Kutoka kuvuta kamba pamoja, harambee ikawa mkutano wa kuchanga fedha, wenye mgeni wa heshima, kipaza sauti na orodha ya majina ya waliotoa. Neno lilipofungamana na fedha, nguvu za mikono zikasahaulika, na pamoja nazo ikasahaulika nafasi ya mtu asiye na fedha. Badiliko hili la kisemantiki lina uzito katika maisha ya shule, kama itakavyobainika hapa chini.

Kutoka Harambee hadi Elimu Bila Malipo

Baada ya uhuru, kiu ya elimu ilizidi uwezo wa serikali. Wananchi walichanga pesa, wakafyatua matofali, wakajenga shule zao wenyewe. Kufikia miaka ya 1970, idadi ya shule za sekondari zilizoanzishwa kwa juhudi za wananchi ilikuwa imeipita ile ya shule zilizogharamiwa na serikali. Moyo huo ulifika hata katika ngazi ya juu. Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi kilichoko Nyeri na Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kilichoko Kakamega vina asili yake katika taasisi zilizoanzishwa kwa harambee katika muongo huo.

Mwaka wa 2003 ulileta mgeuko. Serikali ya NARC ilipotangaza elimu ya msingi bila malipo, idadi ya wanafunzi wa shule za msingi ilipanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2 mwaka huo. Muhula ulianza Januari huku misururu ya wazazi ikiwa mbele ya ofisi za walimu wakuu. Darasa lililokuwa na watoto arobaini likapokea sabini, na kwingineko zaidi ya mia moja. Ruzuku ya serikali ilikuwa shilingi 1,020 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Ilielekezwa kwenye vitabu, vifaa vya kufundishia na matumizi ya kila siku; haikukusudiwa kuongeza madarasa kwa kasi ileile ambayo watoto walikuwa wakiongezeka.

Hapo lugha ilichangia kuleta utata. Wengi waliuita mpango huo elimu ya bure. Katika Kiswahili, neno bure lina maana mbili: kitu kisicholipiwa na kitu kisicho na faida. Isitoshe, lilifasiriwa na baadhi ya wazazi kumaanisha kwamba wajibu wao kwa shule ulikuwa umekwisha, na kwamba paa likivuja au choo kikijaa, hilo lilikuwa jambo la serikali. Mwalimu mkuu aliyeomba msaada wa mikono tu alishukiwa kuwa anarejesha karo kwa mlango wa nyuma. Iliwachukua walimu na wazazi muda kutenganisha mambo mawili: kutolipa karo na kutoshiriki. La kwanza ni haki ya mtoto. La pili ni hasara kwa mtoto huyo huyo.

Misukosuko ya mwanzo wa 2008, iliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ilizijaribu jamii za shule kwa njia ya kutisha zaidi, kwa maana baadhi ya majirani waliokuwa wakichanga pamoja walikuwa wametengana kwa uhasama. Maelfu ya watoto walijikuta katika kambi za wakimbizi wa ndani, kwa mfano katika viwanja vya maonyesho vya Nakuru na Eldoret. Miongoni mwa waliopoteza mali wakati huo alikuwa mzee Kimani Ng'ang'a Maruge, ambaye aliandikishwa darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret, mnamo Januari 2004 akiwa na umri wa miaka 84. Aliishi kambini na akaendelea kwenda shuleni. Mfano wake ulionyesha kuwa hema laweza kuwa makao ya mwanafunzi, mradi kuwe na darasa linalomtambua na kumpokea.

Muhula Ulioahirishwa Mara Mbili

Mvua za masika za 2024 zilinyesha juu ya ardhi iliyokuwa bado haijakauka kutokana na mvua za El Niño za mwisho wa 2023. Mito ilivunja kingo zake, na mitaa ya mabanda ya Nairobi iliyo kando ya mito ikafurika. Nchini kote zaidi ya watu 200 walipoteza maisha na maelfu ya familia wakahama makwao.

Muhula wa pili ulikuwa uanze Jumatatu, 29 Aprili. Usiku wa kuamkia siku hiyo, Wizara ya Elimu ilitangaza kuwa ufunguzi umesogezwa mbele kwa juma moja, hadi 6 Mei. Wanafunzi wengi wa bweni walikuwa wamekwisha kufunga masanduku. Alfajiri ya siku iyo hiyo, maji yaliyokuwa yamezuiliwa juu ya Mai Mahiu, katika kaunti ya Nakuru, yalibubujika kwa kishindo na kusomba nyumba na watu, makumi walikufa. Ijumaa, 3 Mei, Rais William Ruto aliahirisha tena ufunguzi, safari hii pasipo kutaja tarehe. Mnamo 8 Mei ikatangazwa kwamba shule zingefunguliwa Jumatatu, 13 Mei. Ijumaa iliyotangulia, yaani 10 Mei, ilikuwa siku ya mapumziko ya kitaifa ya kuwakumbuka waliofariki na kupanda miti.

Kwa hivyo, jamii za shule zilikuwa na siku tano tu tangu tangazo la mwisho hadi asubuhi ya ufunguzi. Katika muda huo zilipaswa kujua ni watoto wangapi wangali kijijini, ni madarasa yapi yaliyo salama, maji ya kunywa yatatoka wapi, na nani atalipia yote hayo. Wazazi wa shule za bweni walikuwa na tatizo jingine. Nauli iliyowekwa akiba kwa ajili ya safari ya Aprili ilikuwa imeliwa na majuma mawili ya kukaa nyumbani, na baadhi ya barabara zilikuwa zimekatika.

Hii haikuwa mara ya kwanza kwa jamii za shule kuukabili ufunguzi mgumu katika miaka hiyo. Januari 2021, shule ziliporejelewa kikamilifu baada ya miezi tisa ya kufungwa kwa sababu ya UVIKO-19, baadhi ya shule za kandokando ya Ziwa Baringo zilikuwa zimemezwa na maji ya ziwa yaliyopanda. Huko hapakuwa na darasa la kusafishwa. Palihitajika kutafutwa mahali pengine kabisa. Tofauti hii ni muhimu. Mafuriko ya mto huacha matope yanayoweza kuondolewa kwa mabeleshi na makarai, ilhali ziwa linalopanda hutwaa ardhi yenyewe, na hapo msaragambo peke yake hautoshi pasipo serikali.

Familia Zinazoishi Madarasani

Kati ya matatizo yote ya ufunguzi, moja lilipita mengine kwa ugumu. Katika maeneo yanayofurika mara kwa mara, kama vile uwanda wa Nyando, Budalang'i na eneo la chini la mto Tana, shule aghalabu hujengwa mahali palipoinuka na huwa na majengo imara kuliko nyumba za jirani. Maji yanapopanda, shule huwa ndiyo kimbilio. Familia huhamia madarasani na magodoro, sufuria na kuku wao. Siku ya ufunguzi ikifika, mwalimu mkuu hujikuta kati ya haki mbili: haki ya mtoto kusoma na haki ya familia kusetirika.

Kwa juu juu, jambo hili huonekana kama mgogoro kati ya shule na wageni. Kwa hakika, wageni hao ndio wazazi wa wanafunzi hao hao. Mtoto anayehitaji dawati saa mbili asubuhi ndiye aliyelala chini ya dawati hilo usiku. Kuifukuza familia ili darasa lipatikane ni kumfukuza mwanafunzi pamoja nayo, kwa sababu familia itakwenda mbali na mtoto atakwenda nayo.

Njia ambazo jamii huzitumia kutatua tatizo hili ni chache na zote zina gharama. Kwanza ni kuzihamisha familia hadi ukumbi wa kanisa, uwanja wa msikiti au mahema yaliyowekwa nje ya ua wa shule. Pili ni kugawana majengo: madarasa ya upande mmoja yabaki makao kwa muda, na wanafunzi wasome kwa zamu mbili, wadogo asubuhi na wakubwa mchana. Tatu ni kuzipokea familia katika nyumba za majirani ambao maji hayakuwafikia. Njia ya tatu ndiyo isiyoonekana sana na pengine ndiyo iliyo kongwe zaidi. Methali husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini mwenyeji anayempokea mgeni wa mafuriko hujua kwamba shamba la mgeni huyo liko chini ya maji, na jembe litasubiri.

Katika hali zote tatu, mashauriano huamua mengi. Familia zikishirikishwa katika uamuzi mapema, huwa za kwanza kufagia madarasa kabla ya kuondoka. Zikitangaziwa tu kuwa zina siku moja ya kuhama, huondoka kwa uchungu, na uchungu huo hubaki kati ya mzazi na mwalimu kwa mihula mingi.

Kazi Inavyopangwa

Ushirika uliofanikiwa hupitia hatua zinazofanana, hata kama wahusika hawazitaji kwa majina.

Hatua ya kwanza ni habari. Kabla ya kushika beleshi, jamii lazima ijue hali ya kila nyumba. Mwalimu wa darasa ana sajili ya majina. Mzee wa kijiji anajua nani amehamia wapi. Imamu na mchungaji wanajua nani amefiwa. Taarifa hizi zikikutanishwa, hupatikana picha kamili ambayo hakuna mmoja wao aliyekuwa nayo peke yake. Simu hurahisisha kazi, lakini katika siku za mafuriko simu nyingi huwa zimezimika kwa kukosa umeme, na baraza la chifu hurejea kuwa chombo cha kutegemewa.

Hatua ya pili ni ukaguzi. Ukuta uliolowa maji kwa siku nyingi waweza kuonekana mzima hali umedhoofika kwenye msingi. Choo cha shimo kilichofurika huwa hatari kwa namna mbili: kingo zake zaweza kuporomoka, na uchafu wake huingia katika kisima. Tahadhari hii si ya kubuni. Kipindupindu kiliripotiwa katika kaunti ya Tana River wakati wa mafuriko hayo ya 2024. Kwa sababu hiyo, kisima hakifai kutumiwa kabla ya kukombwa, kusuguliwa, kutiwa klorini na kukaguliwa na afisa wa afya ya umma. Hapa moyo wa kujitolea hauwezi kuchukua nafasi ya ujuzi.

Hatua ya tatu ni mgao wa kazi. Matope hutolewa na wenye nguvu. Mafundi hukagua paa na kugongomea upya madawati. Wazee hukaa na watoto wadogo ili mama zao wapate kufanya kazi. Vitabu vilivyolowa hufunguliwa kurasa na kuanikwa kivulini penye upepo, kwa kuwa jua kali huzikunja na kuzikakamaza. Wanafunzi nao wana nafasi yao katika kufagia, kupanga vitabu na kupanda nyasi na miti. Hata hivyo, hawapaswi kupelekwa kwenye maji machafu wala kubebeshwa mizigo mizito kwa kisingizio cha kufunzwa uzalendo.

Hatua ya nne ni kumbukumbu za mtoto. Maji huchukua vyeti vya kuzaliwa kama yanavyochukua viatu. Mwanafunzi wa darasa la mtihani asiye na cheti huweza kukwama wakati wa usajili ilhali amehudhuria masomo yote. Sajili za shule zilizonusurika, pamoja na ushahidi wa chifu, humsaidia mzazi anapokwenda kuomba nakala. Kazi hii haina vumbi wala jasho, lakini ikisahauliwa, athari yake hudumu kuliko ya matope.

Hatua ya tano ni kuipa huzuni nafasi yake. Baadhi ya watoto hurudi bila ndugu, na baadhi ya walimu hurudi wakiwa wenyewe wamepoteza nyumba. Kuanza muhula kwa mtihani wa kupima ni kana kwamba hakuna kilichotokea. Shule nyingi huanza kwa mkutano wa asubuhi unaowataja waliokufa na kuwapa wanafunzi fursa ya kusimulia, kuandika au kuimba yaliyowapata. Mwalimu wa Kiswahili ana zana tayari mikononi, kwa sababu insha na ushairi ni njia ambazo mtoto huweza kusema kwazo asichoweza kukisema ana kwa ana.

Mchango: Hiari au Lazima?

Kila hatua iliyotajwa ina gharama, na hapo ndipo ushirika huingia majaribuni. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inapiga marufuku karo ya masomo katika shule za umma. Inaruhusu malipo mengine kwa idhini ya waziri baada ya kushauriana na bodi ya elimu ya kaunti, ila kwa sharti moja zito: mtoto asinyimwe kuhudhuria shule kwa sababu ya kushindwa kuyalipa. Sheria hiyo pia inaunda chama cha wazazi ambamo kila mzazi mwenye mtoto shuleni ni mwanachama, na inatenga nafasi sita za wawakilishi wa wazazi katika bodi ya usimamizi. Kwa maneno mengine, mzazi si mfadhili wa kuombwa tu; ni mshiriki katika uamuzi.

Chukua mfano wa kubuni wa shule yenye wanafunzi 400. Kikao kinaamua kuwa ili vyoo vijengwe upya, kila mwanafunzi alete shilingi 500. Hesabu ni nyepesi: shilingi 200,000 zitapatikana. Uamuzi huu huonekana wa haki kwa kuwa kila mmoja anatoa sawa. Lakini mzazi wa watoto watatu anadaiwa shilingi 1,500 katika mwezi ambao mahindi yake yamesombwa, huku mzazi wa mtoto mmoja mwenye duka lisiloguswa na maji akidaiwa 500. Ikiwa watoto 60 watarudishwa nyumbani kwa kukosa mchango, yamkini wengi wao watakuwa wale wale ambao mafuriko yaliwapiga zaidi. Shule itakuwa imefunguliwa, lakini imewafungia nje wale ambao ushirika ulikusudiwa kuwaokoa.

Hapa hekima ya ujima na mwethya inafaa kukumbukwa. Katika taratibu hizo, mchango ulipimwa kwa uwezo, na jasho lilihesabiwa. Kikao kile kile kingeweza kuamua kuwa siku moja ya kuchimba shimo ni sawa na kiasi fulani cha fedha. Kwamba mwenye mkokoteni alete mchanga. Kwamba fundi atoe siku mbili. Na kwamba aliyefiwa asidaiwe chochote muhula huo. Mpango wa namna hii ni mgumu kuuandika kuliko orodha ya shilingi 500, na unahitaji mhazini mwaminifu. Lakini humwezesha kila mzazi kuingia katika ua wa shule akiwa na kichwa juu.

Uaminifu wa hesabu ndio unaoamua kama watu wataitika mwito mara ya pili. Risiti ya kila mfuko wa saruji ikibandikwa ukutani, maneno ya uvumi hukosa pa kusimama. Ikifichwa, hata mwalimu mkuu mwadilifu huonekana mwizi. Ni heri jamii ichange kidogo na ijue kilikokwenda, kuliko ichange kingi mara moja na isichange tena.

Lugha ya Tangazo

Kwa wanafunzi wa Kiswahili, suala hili lina upande mwingine unaowahusu moja kwa moja. Ushirika hufanywa kwa maneno kabla ya kufanywa kwa mikono. Tangazo, barua kwa wazazi na kumbukumbu za mkutano ni tungo za kiuamilifu zinazofundishwa darasani kama mitindo ya insha, na mara nyingi hufundishwa kwa kutiliwa mkazo mahali pa tarehe na sahihi. Katika juma la ufunguzi, tungo hizo huwa na uwezo wa kumleta mtoto shuleni au kumfukuza.

Barua isemayo kwamba kila mzazi sharti alete shilingi 500 kabla ya mtoto kukubaliwa darasani, na barua isemayo kwamba watoto wote waje siku ya ufunguzi hata bila sare, nao wazazi wakutane Jumamosi kupanga jinsi kila mmoja atakavyosaidia, zaweza kutoka katika kikao kimoja na kukusudia choo kile kile. Ya kwanza itamfanya mama aliyepoteza kila kitu ambakishe mwanawe nyumbani kwa aibu, bila hata kuuliza. Ya pili itamleta, na pengine itamleta mama naye akiwa na jembe. Kadhalika, kumbukumbu zilizoandikwa kwa Kiswahili chepesi na kusomwa kwa sauti mkutanoni humfaa mzazi asiyejua kusoma kuliko waraka mrefu wa Kiingereza uliojaa vifungu.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa ufunguzi wa shule wakati wa dhiki ni kazi ya wengi, na kwamba kazi hiyo ina mizizi katika taratibu za kale za ujima, ikapitia enzi ya harambee na kufika katika enzi ya elimu bila malipo. Mafuriko ya 2024 yaliweka wazi nguvu za utaratibu huo na pia hatari zake. Serikali ina wajibu wake wa kujenga, kukagua na kufidia, na ushirika wa wananchi usitumiwe kuuficha wajibu huo. Jamii nayo ina wajibu wa kuhakikisha kuwa mzigo unagawanywa kwa kadiri ya mabega yaliyopo.

Wengi wa wanafunzi wa Kiswahili katika vyuo vikuu vya Kenya watakuwa walimu, na baadhi yao hukutana na shule kwa mara ya kwanza kama walimu wa mazoezi katika muhula wa pili, muhula ambao huanza masika yangalipo. Watakabidhiwa sajili ya darasa. Siku ya kwanza wataita majina, na baadhi ya majina hayataitikiwa. Mwalimu aliyeuelewa ushirika wa jamii ya shule hataweka alama ya kutohudhuria na kuendelea na somo. Saa ya mapumziko atamtafuta mzee wa kijiji amuulize mtoto huyo yuko wapi, na ni nini kinachohitajika ili arudi.